Nyoka wa marehemu kaka yangu ametapika mara mbili tangu nimlete Nakuru

Mwalimu_wa_Lanet, 8 Julai, saa 2:40 usiku

Hamjambo nyote. Nina shida na nyoka mzee, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, maana sijui lipi lina maana na lipi halina.

Kaka yangu alifariki Mei mwaka huu, Kisumu. Alikuwa mtu wa maabara katika shule ya sekondari, na mwaka 2011 mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao alimwachia nyoka huyu pamoja na karatasi zake. Si nyoka wa huku kwetu. Kwao Marekani humwita nyoka wa mahindi, kwa vile tumbo lake lina miraba myeusi na myeupe kama punje za mahindi ya rangirangi. Kwenye kibali ameandikwa Pantherophis guttatus. Hana sumu, humdaka panya kwa mdomo, akamviringia na kumkaza. Ana urefu wa sentimita 125, rangi ya machungwa, na madoa mekundu mgongoni. Alipofika kwa kaka alikuwa na miaka 2, kwa hiyo sasa ana 16. Kaka alimwita Atieno, jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa usiku, kwa sababu hutembea usiku.

Baada ya mazishi jamaa walikaa kugawana vitu. Kitanda kikapata mwenyewe, redio ikapata mwenyewe, baiskeli ikagombaniwa. Ilipofika zamu ya sanduku la Atieno kila mtu alitazama chini. Binamu mmoja akasema limwagiwe mafuta ya taa lichomwe lilivyo. Mzee wetu wa Nyakach ndiye aliyekataa. Alisema nyoka aliyelala nyumba moja na mtu miaka kumi na minne hachomwi kwenye matanga ya mtu huyo. Nikasema nitamchukua mimi, na wakati huo sikuwa nimewahi hata kumgusa.

Nilimleta Nakuru tarehe 31 Mei, ndani ya foronya iliyofungwa kamba, foronya ndani ya ndoo iliyotobolewa kifuniko, kwenye gari la mpwa wangu. Kabla ya hapo nilikwenda KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na faili la kaka, na barua ya kubadilisha jina kwenye kibali imepokelewa, kwa hiyo upande huo msiwe na hofu.

Pamoja na nyoka nilirithi daftari. Mimi nilifundisha darasa la tatu miaka 31, na nikipewa maandishi huyafuata. Kaka aliandika kwa mwandiko wake mzuri: kila Jumamosi panya mmoja mkubwa, maji safi kila siku, gazeti libadilishwe akichafua. Panya nao nilikuja nao kwenye barafu, wale weupe wa maabara.

Tarehe 7 Juni nilimpa panya kama daftari linavyosema. Akala vizuri, nikafurahi mpaka nikampigia simu binti yangu. Siku ya tatu nikaamka na harufu nzito sebuleni: amemtapika, panya mzima amelainika, manyoya yamemtoka. Nikafikiri ana njaa, maskini, hana kitu tumboni. Tarehe 14 nikampa mwingine. Tarehe 16 akatapika tena. Tangu hapo hataki. Nikimwekea panya huja, huchezesha ulimi, kisha hurudi kwenye kona yake na kujiviringa.

Mengine ni haya. Amejivua gamba wiki iliyopita, lakini limetoka vipande vipande, na jicho la kushoto bado lina ukungu. Mfupa wa mgongo sasa unaonekana kama ukingo wa paa. Nikimshika, na sasa namshika bila woga, haukazi mkono wangu kama alivyoukaza zile siku za kwanza. Anakaa kwenye sanduku la kioo la kaka, chini sakafuni sebuleni, sakafu ya saruji.

Swali langu ni moja. Je, huyu ni mzee ambaye wakati wake umefika na nimwache apumzike, au kuna kitu ninachomkosea? Usiku nakaa karibu na lile sanduku nikijiuliza kama anamtafuta kaka. Kama anaondoka, nitakaa naye. Kama ninamkosea, niambieni leo.

Mtu_wa_Langalanga, 8 Julai, saa 3:15 usiku

Pole kwa msiba, mwalimu. Mimi kwa maoni yangu nenda naye Menengai umwachie msituni. Nyoka ni wa porini, atajitafutia.

Mwalimu_wa_Lanet, 8 Julai, saa 3:31 usiku

Asante kwa pole. Lakini Menengai si kwao hata kidogo. Amezaliwa ndani ya sanduku na amelishwa kwa mkono miaka 16. Hajui kuwinda, na usiku wa kule juu una baridi kuliko huku kwangu. Na nyoka wa bara jingine haachiliwi katika nchi ya watu. Hilo sitafanya.

JaNyakach, 9 Julai, saa 11:50 alfajiri

Mwalimu, pole sana. Nimefanya kazi ya kutunza nyoka wa maonyesho hapa Kisumu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimesoma maneno yako mara mbili. Huyo nyoka hafi kwa uzee. Anaona baridi.

Fikiria hivi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko kama mita 1,850. Umempandisha mlima wa mita mia saba, ukamweka juu ya saruji, mwezi wa Juni. Nyoka hana moto wake ndani ya mwili kama wewe na mimi. Joto la kusaga chakula hulitoa nje. Akimeza panya mahali penye nyuzi 30, tumbo hufanya kazi na siku tatu nne chakula kimekwisha. Akimeza panya penye nyuzi 16, tumbo halifanyi kazi, panya anaoza humo ndani, na mwili unamtoa kabla haujamuua. Ulichosikia harufu yake asubuhi ile ni hicho.

Sasa rudi kwenye daftari. Umesema kaka yako ameandika chakula, maji na gazeti. Hakuandika joto. Hakuandika kwa sababu hakuwahi kulinunua. Chumba cha Kisumu chini ya mabati kilimpa Atieno joto bure miaka yote hiyo. Wewe umefuata kila alichoandika, na kosa halimo katika maandishi wala katika mkono wako. Limo katika kile ambacho hakikuhitaji kuandikwa.

Kwao huyu ni kusini mashariki mwa Marekani, huko Florida, Georgia na Carolina. Kiangazi chao ni cha joto kali na baridi yao huja kweli, na nyoka hawa huingia chini ya magogo na mashimoni, wasile miezi kadhaa. Kwa hiyo anapokataa panya wako anafanya jambo la busara. Mwili umemwambia majira ya baridi yameingia, funga mdomo. Sikiliza mwili wake. Usimlazimishe, na nakuomba sana usimfungue mdomo kumsukumia chakula.

Fanya hivi. Leo hii mwondoe kwenye saruji, mweke mezani. Chini ya sanduku tandika yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, huku kwetu yamejaa na Nakuru kwa wauza samaki utayapata. Funika pande tatu za kioo kwa kadibodi au blanketi kuukuu. Kisha upande mmoja wa sanduku uwe na joto la nyuzi 30 hadi 31, upande wa pili 24 au 25, naye achague mwenyewe. Kila upande uwe na maficho, hata kadibodi iliyopinduliwa na kukatwa mlango. Ukiweka maficho upande mmoja tu, atachagua kati ya joto na usalama, na mara nyingi atachagua usalama abaki na baridi.

Usimpe chochote mpaka joto limekaa imara wiki nzima. Maji tu. Nyoka aliyetapika huachwa siku 14 angalau, kwa sababu asidi ya tumbo imekwisha na koo limeungua. Ulipompa tena baada ya siku nne ulimpa kazi asiyoiweza. Usijilaumu, kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza, huruma hutangulia. Akianza kula, apewe panya mdogo, nusu ya yule wa daftari. Baada ya kula asishikwe siku mbili kamili.

Na huyo mzee wenu namwelewa, mimi ni wa huko huko. Sisi tuliokuwa watoto mwaka 1987 tunamkumbuka Omieri, chatu aliyeungua kwenye moto wa nyasi, na jinsi watu walivyomiminika kumtazama na kumsikitikia. Kwa watu wa kwetu alikuwa mgeni wa mvua na mavuno. Hakuna aliyeuliza ana faida gani.

Jambo la mwisho. Je, umelisoma daftari lote?

Mkulima_Bahati, 9 Julai, saa 1:20 asubuhi

Sijawahi kufuga nyoka na sitafuga, lakini joto nalijua, nina vifaranga 300 hapa Bahati na Julai hii ndiyo huwaua.

Mwalimu, usinunue ile taa nyekundu kubwa ya wati 250 ya vifaranga. Kwenye sanduku la mita moja na kidogo utampika. Nenda agroveti yoyote kubwa mjini uulize taa ya kauri ya kutoa joto bila mwanga, wati 100 inatosha. Ni nzuri kwa mnyama anayetembea usiku kwa sababu haimpigi mwanga. Holda yake iwe ya kauri pia, ya plastiki itayeyuka na utaunguza nyumba. Halafu uulize themostati ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni kidude kidogo chenye namba na waya mrefu wenye kichwa cha kupimia. Unaweka izime ikifika 31 na iwake ikishuka 29. Kile kichwa kifungwe pale pale nyoka anapolala upande wa moto, kisining'inie hewani juu, maana hewa ya juu huwa moto wakati chini bado baridi. Tafuta fundi wa stima akufungie vizuri.

JaNyakach, 9 Julai, saa 1:48 asubuhi

Huyu bwana wa Bahati amesema kweli tupu. Naongeza moja: taa yenyewe izungushiwe wavu wa chuma, tena wenye matundu madogo. Nyoka akipata kitu cha moto atakizungukia na kulala juu yake, na hataondoka hata ngozi ikiungua. Nimewaona walioungua namna hiyo, na kidonda cha nyoka hupona polepole mno.

Mwalimu_wa_Lanet, 9 Julai, saa 4:05 usiku

Nimelia kidogo, nimeshukuru, kisha nimenunua kipimajoto. Ndani ya sanduku, saa nane mchana: nyuzi 18. Saa kumi na mbili asubuhi nitapima tena lakini najua itakuwa mbaya. Mimi mwenyewe hulala na mablanketi mawili na sweta. Wiki tano nimekuwa nikimwekea mtoto wa kiangazi chakula kwenye chumba cha barafu.

Ameshapanda mezani. Kwa usiku wa leo, kabla fundi hajaja, nimjazie jiko la makaa niliweke karibu na meza?

Daftari sijalisoma lote. Nimesoma nusu ya mwanzo. Kurasa za mwisho mwandiko wake umeharibika kwa ugonjwa, na nikifika hapo hulifunga.

Daktari_Njoro, 9 Julai, saa 4:22 usiku

Mwalimu, USIWEKE JIKO. Nakimbia kujibu hili kwanza. Makaa katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na itakuua wewe kabla ya nyoka. Naye moshi haumfai: aina hii ya nyoka huishi kwa pafu moja la kulia, la kushoto ni kijisehemu tu kisicho na kazi. Kwa leo jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za lita moja, uzifunge kwa taulo mpaka ukizishika mkono usikie vuguvugu tu, uziweke upande mmoja wa sanduku. Badilisha kabla ya kulala na ukiamka. Hiyo ndiyo itakuwa dawa yako pia kila stima ikipotea.

Mimi ni daktari wa mifugo. Siku nyingi ni ng'ombe na mbwa, lakini wanyama wa aina yake nimewatibu wachache, na nakubaliana na JaNyakach kuhusu joto. Ila asisahau mtu kwamba ni mzee. Nyoka wa mahindi waliotunzwa hufika miaka 15 hadi 20, wengine huipita. Miaka 16 si mwisho, lakini mwili umebadilika, na kuna mambo nataka uyaangalie ili tujue kama baridi ndiyo shida yote.

Mpime uzito. Mtie kwenye bakuli lenye kifuniko juu ya mizani ya jikoni, utoe uzito wa bakuli. Kisha tafuta kwenye daftari uzito wake wa mwisho. Kwa nyoka namba moja haisemi kitu, namba mbili zinasema.

Mtazame mdomo kwa nje. Je, una uvimbe pembeni, ute mzito, kitu cha njano kama maziwa ganda? Hicho ni kidonda cha mdomo na kinahitaji dawa. Msikilize akipumua usiku kukiwa kimya: mluzi, mapovu puani, au kuinua kichwa na kufungua mdomo ili apate hewa ni mapafu, na baridi ndiyo huleta. Ukiona moja ya hayo njoo kesho yake, usisubiri joto.

Pitisha vidole taratibu kuanzia shingoni mpaka mkiani. Mfupa kujitokeza kwa mnyama aliyekosa chakula wiki tano si ajabu, na kwa wazee nyama za mgongo hupungua hata wakila. Ninachotafuta ni nundu ngumu, au mahali pasipopinda. Uti wa mgongo wa nyoka mzee hukakamaa, na hiyo pia hulegeza mkazo wake mkononi. Vijiti vya kupandia uviteremshe chini, sentimita 20 zinatosha.

Na kwa vile ni jike: je, amewahi kutaga? Jike hutaga hata bila dume, mayai yasiyo na kitu. Kwa wazee yai hukwama.

Jicho. Lile ukungu ni utando wa gamba la zamani ambao haukutoka. Usiuguse kwa kibano, usiutoe kwa kubandika selotepu, utang'oa na jicho. Hewa ya Nakuru ni kavu kuliko ya ziwani, ndiyo maana gamba limekatika. Chukua kopo kubwa la plastiki lenye kifuniko, kata tundu la kuingilia, weka ndani taulo lenye unyevu ulilolikamua, uliweke katikati ya sanduku. Atajua kazi yake. Vipande vilivyobaki mwilini, maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni, dakika 20, nawe ukiwa hapo hapo.

Ombi langu la mwisho: ukiona vijidudu vyeusi vidogo vikitembea kwenye magamba au vimezama kwenye maji yake, usimpulizie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Niliwahi kuletewa nyoka aliyepuliziwa, na hakukuwa na la kufanya.

Mwalimu_wa_Biolojia_Kakamega, 10 Julai, saa 7:10 mchana

Hongera kwa moyo huo, mwalimu mwenzangu. Nafuga panya weupe kwa ajili ya masomo na najua mtakapofika kwenye kulisha utahitaji wadogo. Usishawishike kuchukua panya wa jikoni au wa ghalani. Huyo huenda amekula sumu ya dukani, na sumu hiyo itaingia kwa Atieno. Asipokuwa na sumu ana minyoo. Panya aliyegandishwa mtoe usiku, alale kwenye friji, kisha mtie ndani ya mfuko uliofungwa kwenye maji ya moto ya kuoga mpaka awe na vuguvugu hadi katikati. Ukibonyeza tumbo na kukuta kokoto ya barafu, mrudishe majini. Usitumie mikrowevu. Kipimo ni unene: panya asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi, na kwa mgonjwa awe mwembamba kuliko hapo.

Kama una njia ya mtu anayetoka Kakamega, nitakutumia wadogo sita kwenye barafu.

Mwalimu_wa_Lanet, 13 Julai, saa 1:30 usiku

Watu wema, majibu haya hapa.

Fundi amefunga kila kitu jana: taa ya kauri, wavu, themostati. Sasa hivi upande wa moto ni 30, wa pili 23. Asubuhi ile kabla ya taa nilipima: 13. Nimeiandika kwenye daftari, ukurasa mpya.

Uzito ni gramu 468. Kaka alimpima Januari, gramu 540. Mdomo msafi, hakuna ute, kupumua kimya. Nimepitisha vidole mwili mzima bila kuruka mahali. Hakuna nundu, ila theluthi ya mwisho kuelekea mkiani haipindi vizuri kama mbele. Mayai yameandikwa mara mbili, 2014 na 2016, hayakuwa na kitu, na baada ya hapo hakuna.

Usiku wa kwanza wa taa alitoka kwenye kona yake saa tatu kasoro. Akaenda moja kwa moja upande wa moto, akajinyoosha urefu wake wote juu ya gazeti. Sikuwa nimewahi kumwona amenyooka. Nilizima taa ya sebuleni nikakaa gizani nisimsumbue.

Daktari_Njoro, 13 Julai, saa 2:02 usiku

Amepoteza gramu 72, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya mwili. Si kidogo, lakini nyoka hurudi kutoka hapo. Mkia ukikakamaa hivyo huenda ni mifupa ya uzee. Akipata nguvu mlete tumpige eksirei tuone. Sasa ni kungoja. Najua ni kugumu.

Mwalimu_wa_Lanet, 6 Agosti, saa 3:00 usiku

Nilitaka nisiandike mpaka niwe na hakika.

Panya wa Kakamega walifika tarehe 17, wamefungwa kwenye magazeti na barafu haijayeyuka. Mwalimu, Mungu akubariki. Jumamosi tarehe 19 nikampa mmoja, mdogo kuliko kidole gumba changu. Alimchukua taratibu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Nikahesabu siku. Ya tatu sikulala. Ya sita alipata choo, cha kawaida, na sijui kama nimewahi kufurahia uchafu hivyo tangu watoto wangu wawe wadogo. Jumamosi iliyopita, tarehe 2, nikampa wa pili, mkubwa kidogo. Leo ni siku ya nne na kimya. Uzito nitapima wiki ijayo, daktari, tumbo likiwa tupu.

Stima ilipotea mara mbili. Mara ya pili ilikuwa saa nane usiku, na nimejifunza kuamka kwa ule mlio wa themostati ikizimika. Chupa zangu mbili ziko tayari kwenye meza.

Jicho bado. Ukungu umepungua lakini upo. Amekuwa akilala ndani ya lile kopo la taulo siku mbili hizi, na rangi yake imefifia, tumbo limekuwa kama la waridi, nadhani anajiandaa kuvua tena. Nitamwacha.

JaNyakach, uliniuliza kama nimelisoma daftari lote. Nimelisoma. Nililiweka mezani karibu naye nikasoma kurasa za mwisho zote, herufi moja moja, kama nilivyokuwa nikisoma mwandiko wa watoto wa Januari. Kuanzia 2023 ameacha Jumamosi. Ameandika siku 10. Mwaka 2024 ameandika siku 14, na badala ya panya mkubwa, "wa wastani, Atieno sasa ni mama mzee." Alijua, na alikuwa ameanza kumbadilishia. Mimi nilikuwa nikifuata kurasa za ujana wake.

Ukurasa wa mwisho kabisa ni wa Machi. Ameandika uzito akaukata, akaandika tena, akaukata. Chini yake kuna mstari mmoja: "Usiku wa leo mvua. Amejisogeza kwenye ukuta wa jikoni." Ukuta wa jikoni, kule kwake, ndio wenye jiko upande wa pili.

Nimepiga mstari chini ya hapo kwa rula, nikachora safu nne: tarehe, uzito, chakula, joto.

Eksirei, daktari, niambie siku gani uko Njoro. Mpwa wangu ana gari Alhamisi na Ijumaa.

Daktari_Njoro, 6 Agosti, saa 3:17 usiku

Sio wiki hii, mwalimu. Akiwa anajiandaa kuvua haoni vizuri na hapendi kushikwa, na ana panya tumboni. Mwache avue, uniambie jicho limetokaje. Kisha Alhamisi ya tarehe 21, asubuhi. Mlete kwenye foronya ile ile, na chupa ya maji ya vuguvugu pembeni, barabara ya Njoro asubuhi ina baridi.